Kila Waya na Kiti Chake

Nyumbani,
Jumatatu, 2 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini vumbi la hiyo barabara mnayoijenga limewaachia angalau macho. Sisi hatujambo, isipokuwa gari la Babu.

Nakuandikia kwa sababu huko kambini kwenu simu haishiki, na hata ingeshika, unanijua: ningekupigia, kisha nikusikilize ukisema "haloo, haloo" mpaka ukate. Kwenye karatasi sitetemeki. Dereva wa lori la saruji amekubali kubeba barua zangu kila Jumanne akija kwenu, na kuniletea zako kila Ijumaa akirudi. Alikubali baada ya mimi kusimama mbele ya lori lake dakika kumi bila kusema neno. Mwishowe yeye ndiye aliyeniuliza, "Barua hiyo mkononi ni ya nani, au unaipepea upepo?"

Gari linakohoa. Asubuhi yenye umande linatetemeka kama mwenye homa, na kwenye kilima cha sokoni linapanda kama ng'ombe mwenye miguu mitatu. Mama anasema ni uzee, tulistahi. Lakini juzi nilifunga mlango wa banda ili kuwe na giza, nikafungua boneti, Mama akaliwasha. Mjomba, nimeona! Cheche za buluu zinaruka kutoka kwenye waya ya tatu kwenda kwenye chuma cha injini. Zilikuwa nzuri kama nyota, nikasahau kwamba ni ugonjwa.

Kitabu cha gari kinasema waya za plagi zikizeeka, umeme hutoroka njiani kabla haujafika kwenye plagi. Nataka kuzibadilisha mimi mwenyewe. Unajua fundi wa mapazia kama Mama bila gari hana kazi. Mapazia ya watu unaweza kuyabeba begani, lakini fimbo zake za chuma hazipindi kona. Na zaidi ya hayo, ni gari la baba yake. Bado anakiita kile kiti cha mbele "kiti cha Baba" na hakai mtu asiyenawa mikono.

Tatizo ni duka la spea. Nilikwenda. Mama mwenye duka akaniuliza, "Waya za injini ipi, mwanangu? Seti nzima au moja moja?" Nikamwambia "asante," nikatoka. Asante ya nini, na hajanipa kitu? Shuleni tunasoma kwa lugha mbili, na nimegundua kwamba naweza kunyamaza kwa ufasaha kwa zote mbili.

Niandikie la kusema. Neno kwa neno.

Mpwa wako,
Kobe


Kambini,
Alhamisi, 5 Machi

Kobe wangu,

Marahaba. Kwanza, usirudie kuwasha gari banda likiwa limefungwa! Moshi ule hauna adabu, unaua bila kubisha hodi. Ukitaka kuona cheche, ngoja jua lizame na mlango uwe wazi. Mwambie na mama yako, maana naona mmejifungia humo wawili na hakuna hata mmoja mwenye akili.

Nimemaliza kugomba. Sasa nakusifu. Umeona kwa jicho la fundi. Hizo waya alizifunga Babu yako mwenyewe, na yeye ametutoka miaka mingapi sasa? Zimefanya kazi hata baada ya mwenye kazi kupumzika.

Dukani sema hivi: "Shikamoo mama. Nataka seti ya waya za plagi, injini ya silinda nne yenye distributa. Ziwe za moyo wa kaboni." Basi. Ukikwama, mpe karatasi hii asome mstari huo. Akikuletea zenye moyo wa shaba tupu, tikisa kichwa. Hizo zitaifanya redio ya mama yako ikaange bisi njia nzima. Ikunje waya mbele yake. Ikikunjika kama mkanda mpya, chukua. Ikipasuka ngozi kama mkate wa juzi, ujue imelala pale dukani tangu mimi nikiwa na nywele.

Kabla ya kwenda, chukua futi ya kushonea ya mama yako, upime kila waya ikiwa pale pale ilipo, ukifuata mikunjo yake. Usiinyooshe kama mtu anayepima kaburi. Waya fupi mno itachomoka gari likirukaruka, na ndefu mno italalia bomba la moshi iungue.

Sasa lililo kubwa, na nalipigia mstari: chomoa moja, weka mpya yake, uisikie ikibana "tk" pande zote mbili, ndipo uguse ya pili. Kamwe usichomoe zote kwa mkupuo. Gari la zamani lina siri zake. Na unapochomoa, shika ule mpira wa shingoni, uzungushe kidogo, ndipo uvute. Usiivute waya yenyewe kama mkia wa mbuzi.

Najua utaweza. Kobe akiinama anatunga jambo.

Mjomba wako,
Mzee wa Greda


Nyumbani,
Jumatatu, 16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Waya nimenunua. Ni nyeusi, za kaboni, zinakunjika vizuri. Nimezibadilisha Jumamosi mchana, moja moja kama ulivyosema.

Gari haliwaki kabisa.

Jumamosi hiyo hiyo asubuhi Mama alikuwa ameosha injini kwa ndoo na sabuni. Alisema waya mpya haziwezi kuhamia kwenye nyumba chafu. Sasa anaamini maji yake ndiyo yaliyoliua gari. Jana alikaa kwenye usukani, mlango wazi, mikono mapajani, hakugeuza hata ufunguo. Nilikuwa naanika nguo. Nilimsikia akisema, "Baba, nisamehe. Nilitaka ling'ae tu."

Leo ameita fundi wa mtaani. Amezitazama waya, amezihesabu kwa kidole, amesema ziko sawasawa kama kitabuni, na moto wa plagi upo. Kwa hiyo, amesema, kama waya ziko sawa na moto upo, injini yenyewe ndiyo imekwisha. Mama hakubishana. Ameshazungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu, na atakuja na winchi Jumamosi ya tarehe 28, maana Jumamosi hii ana kazi nyingine.

Mama amebeba fimbo za mteja begani leo, safari mbili. Bega lake lina mstari mwekundu.

Je, kuna lolote?

Mpwa wako


Kambini,
Alhamisi, 19 Machi

Kobe,

Marahaba. Mwambie dada yangu kwamba maji si mchawi. Maji ya ndoo yakipata siku mbili za jua yanaondoka na kuaga. Babu yenu alivuka mto na gari hilo, maji yakaingia mpaka kwenye viatu, likalala siku moja na kesho yake likaenda harusini.

Ningekuja mwenyewe, lakini greda letu limevunjika mkono na bosi hamwachii mtu mpaka mwezi uishe. Kwa hiyo lazima nitibu kwa barua, na daktari wa barua anategemea mgonjwa aseme kweli.

Hebu nikuulize. Gari lililokuwa linakohoa lakini linawaka, likibadilishwa waya moja moja, linakufaje ghafla? Waya moja isipobana vizuri, bado litawaka kwa silinda tatu. Zisipobana mbili, litalalamika, lakini litalalamika kwa sauti. Sijapata kuona waya nne zikiamua kugoma pamoja kama wafanyakazi.

Nijibu hili moja tu: Mama yako akigeuza ufunguo, gari linanyamaza? Linazunguka tu bila kushika? Au linapiga bunduki kwenye kabureta?

Jambo jingine. Wewe husema machache, lakini ukishika kalamu hushikiki. Barua yako ya mwisho ilikuwa kavu kama ripoti ya polisi, na ulisahau kujiita Kobe. Sijakasirika. Nikijua lililotokea, sitakasirika pia. Nakuahidi kabla sijajua, na ahadi ya namna hiyo ni ghali.

Mjomba wako,
Mzee wa Greda


Nyumbani,
Jumatatu, 23 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Linapiga bunduki.

Sikuzibadilisha moja moja. Nilizichomoa zote.

Naandika haraka kabla sijaichana hii. Ijumaa ile nilikwenda dukani na karatasi yako mkononi. Mstari wako nilikuwa nimeukariri mpaka nikauota. Lakini kwenye ngazi ya duka walikuwa wamekaa wanaume watatu wanakunywa chai, na mmoja akasema, "Karibu, fundi!" Wakacheka. Hawakucheka vibaya hata. Nikaipita ngazi, nikalizunguka jengo lote, nikarudi nyumbani.

Jumamosi, Mama alipomaliza kuosha injini na kwenda kupima madirisha ya mteja, nikapata wazo. Nikizichomoa zote na kuzibeba, nitazilaza juu ya kaunta tu. Waya zitajisemea zenyewe. Ndivyo nilivyofanya, Mjomba. Nilizipanga mbele ya yule mama kama samaki, ndefu mpaka fupi, sikufungua mdomo. Akazitazama, akanitazama, akasema, "Ala! Wewe si ndiye yule wa 'asante'?" Akaniletea seti, akapima zake na zangu, akanipa.

Nilirudi nikiwa na raha kama niliyeshinda mbio. Kwamba nilikuwa nimesahau ipi ilitoka wapi haikunipa hofu, kwa sababu kitabu kina mchoro. Kinaonyesha ya silinda ya kwanza inakaa wapi kwenye kofia ya distributa, ile inayogawia plagi umeme, kisha ya tatu, ya nne, ya pili. Kiingereza chake nakielewa vizuri, nimekisoma mara tano, nimesoma hata maandishi madogo. Nilifuata kila kitu. Kisha nikageuza ufunguo.

Pa!

Mama ndiyo kwanza alikuwa anaingia getini. Aliangusha futi. Akasema, "Ni maji! Ni yale maji yangu!" Nami nikafungua mdomo nimwambie. Niliufungua, Mjomba, naapa. Hewa iliingia. Kisha nikaufunga.

Na tangu siku hiyo umefungwa. Fundi wa mtaani alipokuwa anahesabu waya kwa kidole, nilikuwa nimesimama pale na kikombe chake cha maji. Mama alipokuwa anaongea na mnunuzi wa vyuma, nilikuwa nyuma ya pazia analolishona. Wageni humwambia, "Una binti mtulivu, hana maneno." Mama hufurahi. Mimi nilikuwa nafurahi pia. Sasa naona mtu anaweza kukosa maneno na bado akawa mwongo.

Kama ningedhani maji ndiyo yaliyoliua kweli, ningelala. Lakini najua ni mimi, na sijui nimekosea wapi, maana kitabu kinasema sijakosea.

Jumamosi hii ndiyo winchi. Barua yako itafika Ijumaa. Kama kuna jibu, liwe humo.

Kobe (nimeandika)


Kambini,
Alhamisi, 26 Machi

Kobe wangu, Kobe,

Nimecheka mpaka mpishi wa kambi akaja kuniangalia. Kisha nikaacha kucheka, maana kosa hili si lako. Ni langu, na lina miaka ishirini na sita.

Kitabu hakikukudanganya. Na yule fundi wa mtaani, maskini, amesema alichokiona. Gari ndilo lisilofuata kitabu, na mimi ndiye niliyelipotosha.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Babu yako alisafiri siku mbili, nikasema nimfanyie jambo la kumfurahisha. Nikaichomoa distributa nzima, nikaiosha, nikaifuta mpaka ikang'aa, nikairudisha. Niliirudisha ikiwa imegeuka robo duara. Aliporudi akawasha: pa! Akaniuliza, "Umegusa kitu?" Nikasema, "Sijagusa, Baba." Alisimama juu ya injini ile kutwa nzima. Jirani akaja akatoa hukumu kama ya fundi wenu: imekwisha, uza. Baba akaingia ndani bila kula. Asubuhi yake nikashindwa kuvumilia, nikamwambia.

Nilingoja kofi. Aliniangalia, akaiangalia distributa, akasema: "Kumbe gari limehama kiti kimoja. Basi na abiria wahame kiti kimoja." Akazihamisha waya zote nne nafasi moja, likawaka. Nikamwomba aitoe distributa airudishe kama kitabu kinavyotaka. Akakataa. "Ikae hivi hivi." Akachukua msumari, akakwaruza kitu ubavuni pa distributa, pale waya ya kwanza inapokaa. Sikutazama. Nilikuwa na aibu, na tangu siku ile nikifungua boneti hiyo natazama pembeni.

Nilipokuandikia kwamba gari la zamani lina siri zake, hapo ndipo ningekueleza. Mstari mmoja tu ungetosha! Nikaona haya, mtu mzima mwenye kitambi. Kumbe haya zetu ni za ukoo.

Sasa sikiliza. Toa kwanza kichwa cha betri. Upande wa plagi usiguse kitu, umefunga vizuri. Kwenye kofia ya distributa, waya ya katikati iache. Zile nne za pembeni, kila moja ihame nafasi moja kwa mwendo wa mshale wa saa. Chomoa moja uishike mkononi, sogeza iliyo nyuma yake iingie penye tundu tupu, kisha inayofuata, kisha inayofuata, na ile ya mkononi iingie mwisho. Ukimaliza, futa ubavu wa distributa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Waya ya silinda ya kwanza, ile iliyo karibu na feni, iwe imekaa juu ya mkwaruzo wa Babu yako. Hapo ujue umefika.

Lakini kabla ya yote hayo, mwambie mama yako. Usingoje gari liwake. Likishawaka utakuwa unasimulia ushujaa. Mwambie likiwa bado limekufa. Mwambie na yangu pia, nakuruhusu, tusindikizane.

Mjomba wako,
Aliyekuwa na miaka kumi na mitatu


Chini ya mguu wa cherehani,
Ijumaa, 27 Machi

Mama,

Nimeiweka hapa kwa sababu huwezi kushona bila kuiona, na mimi siwezi kuisema bila kukimbia. Niko jikoni. Nasikia ukiingia.

Si maji yako. Maji yako hayajafanya kitu. Mimi nilichomoa waya zote kwa pamoja, ingawa Mjomba alinikataza, kwa sababu niliona haya kusema dukani. Nikazirudisha kama kitabu, na gari la Babu halifuati kitabu. Sababu Mjomba anaieleza kwenye barua yake, nimeikunja humu, anasema uisome yote.

Ulipomwomba Babu msamaha nilikuwa naanika nguo. Nilikusikia. Nilikuacha uendelee kubeba kosa langu, na fimbo pia. Naomba radhi kwa bega lako.

Mjomba anasema litawaka. Sikuambii kwa sababu hiyo. Nakuambia hata lisipowaka.

Binti yako


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa chaki ya kukatia nguo)

Wewe mtoto wewe!

Siku kumi na tatu namwomba baba yangu radhi kwa ndoo ya maji! Mpaka sabuni nilikuwa siitaki machoni.

Nimesoma zote mbili. Nimecheka, nimelia, nimejichoma sindano. Nimekukasirikia, na nitakukasirikia mpaka kesho saa nne asubuhi, baada ya hapo nina mapazia ya watu. Lakini moyo wangu umeshuka mahali pake. Sikuliua gari la Baba. Hujui neno hilo lilivyo tamu.

Mjomba wako naye asijione mjanja. Nilimwona dirishani siku ile, anaoshea hiyo distributa kwenye beseni langu la nywele. Nilimnyamazia nikidhani ni siri ndogo ya beseni.

Mpigie simu yule wa vyuma umwambie asije. La, najua hutampigia. Basi aje tu, atatukuta.

Sasa toka jikoni, nimeona kivuli chako. Na siku nyingine ukishindwa kusema, cherehani ipo.

Mama


Nyumbani,
Jumapili, 29 Machi

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Jana asubuhi tulifungua milango ya banda yote miwili, Mama alikagua mwenyewe. Nilitoa kichwa cha betri. Nikachomoa waya ya kwanza, nikamshikisha Mama, akaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyekabidhiwa nyoka. Nilikuwa nimesogeza mbili tu pale mnunuzi wa vyuma alipofika na winchi yake inayopiga kelele. Akashuka, akaegemea nguzo, akatutazama.

"Mama," akasema, "mnamvisha maiti viatu vipya?"

"Maiti ni wako ukimpata," Mama akamjibu. "Ngoja kwanza tumwamshe."

Yule bwana akacheka, akatoa karanga mfukoni, akaanza kula kama yuko mpirani. Kuangaliwa hivyo kulinifanya nitake kukimbilia jikoni. Lakini waya haina habari kama unaona haya. Ukiisukuma inasema "tk". Nikasogeza ya tatu. Tk. Nikamnyang'anya Mama ile ya kwanza, nikaiweka. Tk. Nikarudisha kichwa cha betri.

Mama akaingia kwenye usukani. Aligusa kwanza kiti cha Babu, hivi, kwa kiganja. Kisha akageuza ufunguo.

Mjomba, halikukohoa. Lilizunguka mara mbili, likashika, likanguruma kwa sauti moja tu, nzito, iliyonyooka. Sikuwahi kuisikia sauti ile. Nimezaliwa gari hilo likiwa tayari linakohoa. Mama alifunika uso kwa mikono yote miwili na gari likiwa linanguruma, mabega yakitikisika, nikaogopa kidogo. Alipoifungua mikono alikuwa anacheka na machozi yakimtoka, akasema, "Hivi ndivyo lilivyokuwa likilia Baba akirudi kazini."

Mnunuzi wa vyuma akaacha kutafuna. "Haya," akasema, "na mimi nimekuja kufanya nini hapa?"

Nikamjibu. Mimi! Nikasema, "Kusikiliza."

Mama aligeuka akanitazama kama aliyesikia kiti kikisema. Yule bwana akacheka mpaka karanga zikamwagika, akatupigia saluti, akaondoka na winchi yake.

Tukapakia fimbo za chuma tukapanda kilima cha sokoni, kwa miguu yote minne. Redio haikukaanga bisi hata moja. Kesho nikitoka shule nitapita kwenye duka la spea. Nitasimama kwenye kaunta niseme asante tena, safari hii ikiwa na sababu. Kama wale watatu wapo kwenye ngazi, sijui. Labda nitalizunguka jengo mara moja kwanza.

Saa nne ilipofika nilimkumbusha Mama kwamba muda wa kunikasirikia umekwisha. Akatazama saa, akasema nimebakiza dakika tatu, akanikasirikia kwa dakika tatu. Baadaye akanipa peremende.

Nimeacha la mwisho makusudi. Tuliporudi, injini ilipopoa, nilichukua kitambaa na mafuta ya taa nikafuta ubavu wa distributa kama ulivyoniagiza. Uchafu ulikuwa mgumu kama lami, ndoo ya Mama haikuufikia. Niliufuta taratibu. Nikamwita Mama aje aone, tukainama wote wawili, vichwa vikagongana.

Mjomba, ule si mkwaruzo. Umetazama pembeni miaka ishirini na sita, kwa hiyo acha nikuambie mimi. Ni alama ya vema. Ile ile ambayo mwalimu huweka pembeni ya jibu lililo sawa, ina mguu mfupi na mkia mrefu unaopanda kulia. Ameichora kwa kukaza msumari, imeingia ndani ya chuma. Mama anasema Babu alikuwa akiichora hivyo hivyo kwenye madaftari yenu mkipata zote.

Aliichora asubuhi uliyomwambia ukweli.

Waya ya kwanza inakaa juu yake sawasawa. Greda likipona, uje. Nitakufungulia boneti, nawe utatazama.

Mpwa wako,
Kobe, kichwa nje